NANI ANAYEIPIMA SHILINGI YETU?



Wengine watauliza, chama cha wafanyi kazi kina shauri gani na fedha za dunia? Kazi yetu si mishahara? Ndiyo, na kwa sababu hiyo twaandika.

Mwaka 1920 Serikali ya kikoloni iliifunga rupia kwa shilingi mbili za Kiingereza, na zamani ilikuwa shilingi moja na peni nne. Masetla wakalia kwamba madeni yao yamezidi. Mwaka 1921 wakaafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Wazee walileta malalamiko hayo mbele ya maofisa hapa hapa Dagoretti, jirani zetu wa Waithaka. Harry Thuku aliposhikwa Machi 1922, watu waliokwenda kumtaka katika kituo cha polisi Nairobi walipigwa risasi. Rupia ilipimwa London, aliyekatwa ni mchuma kahawa.

Tangu 1966 tunayo Benki Kuu na shilingi yetu wenyewe, lakini mizani ingali mbali. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Januari 2024 ilifika 160, kwa hofu kwamba Kenya haitaweza kulipa mkopo wa dola bilioni 2 uliotakiwa Juni. Februari tukakopa bilioni 1.5 nyingine kwa riba ipitayo asilimia 10, na shilingi ikapata nguvu. Je, nauli ya Waithaka ilirudi ilipokuwa? Tazameni bili ya stima: mna mstari wa mabadiliko ya fedha za kigeni. Karatasi ya mshahara haina mstari huo.

Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liligawa akiba ya thamani ya dola bilioni 650. Marekani peke yake ilipata zaidi ya bilioni 110. Afrika nzima kama 33. Hugawa kwa hisa, na mwenye hisa kubwa ndiye mwenye kura. Hatusemi kosa lote ni la wageni. Waliokopa kwa dola walikuwa hapa Nairobi, wala hawakutuuliza.

Twataka kura za huko Washington zigawanywe upya. Twataka masharti ya kila mkopo wa nje yachapishwe kabla ya kutiwa sahihi. Na kila mkataba na mwajiri uwe na kifungu cha kupandisha mshahara bei zikipanda. Hili la mwisho halingoji Washington. Ndugu wawakilishi wa viwandani, leteni mikataba yenu kwa katibu wa tawi kabla mazungumzo hayajaanza.