WARAKA KWA WANAUSHIRIKA: MFUMO TUNAOULIPIA UWE WETU KWA MAANDISHI

Kwa: Viongozi na wanachama wa vyama vya msingi vya korosho, Mtwara Vijijini na Nanyamba

Yah: KULINDA MILIKI BUNIFU TUNAPOTENGENEZEWA MIFUMO NJE YA NCHI

Ndugu wanaushirika,

Kuanzia Madimba hadi Kitaya, vyama vyetu vinataka kuachana na daftari la karani na kuwa na mfumo wa kompyuta wa kusajili wakulima, kupokea uzito wa mzigo ghalani, kukokotoa makato na kuandaa malipo. Naunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Wapo kati yetu wanaofikiria kuwapa kazi hiyo watengenezaji wa India, kwa sababu ya bei na uzoefu wao. Hilo nalo si kosa. Ninachowasihi ni kimoja: msitie saini mkataba wowote usiosema wazi kwamba mfumo ni mali ya chama.

Ukilipia gunia, gunia ni lako. Mfumo hauko hivyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inalinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu, na nchi nyingine nyingi hufanya vivyo hivyo. Mwenye haki, kwa kawaida, ni aliyeiandika au mwajiri wake, mpaka aihamishe. Sheria ya Hakimiliki ya India ya 1957, kifungu cha 19, inataka uhamisho huo uwe wa maandishi na wenye saini. Tena inaongeza jambo zito: mkataba usipotaja muda, uhamisho huhesabiwa kuwa wa miaka 5, na usipotaja eneo, huhesabiwa kuwa wa India tu. Fikirieni chama kilicholipa hadi senti ya mwisho kwa mkataba unaosema tu "haki zinahamia kwa mteja". Sheria hiyo ikitumika, chama kina haki za miaka mitano, katika nchi ambayo hakina hata ofisi.

Tuna mfano mkubwa karibu nasi. Huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008. Watu wa Afrika Mashariki ndio walioifanya ijulikane duniani, lakini jina na mfumo vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na hadi 2015 seva za huduma ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Ni mwaka 2020 tu ambapo kampuni zilizokuwa zikiiendesha, Safaricom na Vodacom, zilivinunua kwa pamoja. Hakuna aliyeibiwa; karatasi ndivyo zilivyosema tangu mwanzo. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho zilihitaji miaka 13, sisi wa chama cha msingi tutapata wapi fedha za kununua kitu kilekile mara ya pili?

Kwa hiyo, kila mkataba uwe na haya:

1. Umiliki. Hakimiliki yote inahamia kwa chama, kwa kudumu na kwa dunia nzima, kila awamu inapolipwa. Kila fundi, hata aliyepewa kipande kidogo tu, awe amesaini uhamisho kama huo kwa mwajiri wake.

2. Msimbo chanzo. Haya ndiyo maandishi ya mfumo wenyewe. Bila hayo, fundi mwingine hawezi kubadili hata kiwango kimoja cha makato. Ukabidhiwe kila awamu, na mtaalamu wetu auendeshe kabla ya malipo kutoka.

3. Akaunti. Seva na anwani ya tovuti viandikishwe kwa jina la chama, na nywila zitunzwe na chama.

4. Taarifa za wakulima. Majaribio yafanyike kwa majina ya kubuni. Namba za simu na akaunti za benki za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

5. Jina na nembo. Visajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kama alama ya biashara, kwa jina la chama. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, na ulinzi wake ni wa Tanzania Bara. Hauvuki Ruvuma kwenda Msumbiji wala bahari kwenda Zanzibar.

6. Migogoro. Chagueni usuluhishi badala ya mahakama. Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa 1958 tangu 1964, na India nayo imo, hivyo uamuzi wa msuluhishi unaweza kutekelezwa kote kuwili.

Kabla msimu haujafunguliwa Oktoba, kila bodi ipeleke mkataba wake kwa wakili, kisha iusome mbele ya mkutano mkuu, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili. Walioshasaini mkataba wenye mapengo wadai nyongeza ya maandishi sasa, wakati bado kuna awamu ya kulipa. Awamu hiyo ndiyo nguvu yetu ya mwisho. Isitoke kabla nyongeza haijasainiwa.

Wenu katika ushirika,

Katibu