Kipa ana mwalimu wake, mutu wa pembeni hana

Tarehe 7 Februari 2024, ku Abidjan, Léopards walitoka mu Kombe la Afrika kwa mupira mumoja tu. Ilikuwa dakika ya 65. Max-Alain Gradel, mutu wa miaka 36, alikuwa pembeni, upande wa kuume. Akatuma santre, Sébastien Haller akaupokea mupira mu hewa, akaupiga chini, ukaruka juu ya kipa wetu Mpasi na kuingia. 1-0, safari ikaishia pale. Siku nne kisha, mu finale, Côte d'Ivoire walifunga Nigeria 2-1, na magoli yote mawili yalitoka ku miguu ya mutu mumoja wa pembeni, Simon Adingra: kona ya kichwa cha Kessié, kisha santre ya Haller dakika ya 81.

Hapa kwetu watu walilia juu ya lile goli la Bakambu lililokataliwa. Walikuwa na haki ya kulia. Lakini sisi tunaona kilio kingine kilisahauliwa, na njo hicho tunataka kuzungumuza na ninyi, baba na mama wa miji ya migodi, kwani batoto wanaocheza pale nyuma ya kambi ni wenu.

Muende siku ya Mungu ku kiwanja chochote, Kipushi, Likasi, Fungurume, Kolwezi. Mutaona kijana wa pembeni anachukua balo, anapita wa kwanza, anapita wa pili, watu wanasimama, bamama wanapiga kelele. Anafika karibu na mustari wa mwisho. Na pale? Mupira unakwenda nyuma ya goli. Ama unaingia mu mikono ya kipa sawa vile mutu anamurudishia kitu chake. Ama unapiga beki wa kwanza ku magoti. Watu wanapiga makofi vilevile, juu ya zile chenga mbili. Mushambuliaji aliyekimbia mita arobaini anarudi polepole, mikono ku kiuno, na mara ya tano hatakimbia tena. Mechi inaisha 0-0 na kila mutu anasema tulicheza vizuri.

Hatukosi wakimbiaji. Tunakosa mutu wa kuwaonyesha kazi ya ile sekunde moja ya mwisho. Na huyo mutu yupo, anakaa mu mitaa yetu, hakuna anayemuita.

Tutazame vile tunafanya na makipa. Ekipe yoyote yenye kujiheshimu, hata ile isiyo na maji ya kunywa, inatafuta mutu wa kufundisha kipa, na karibu kila mara ni kipa wa zamani. Robert Kidiaba, yule aliyekuwa anashangilia magoli akirukaruka chini ameketi, dunia nzima ikacheka naye mu 2010 wakati Mazembe ilifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia finale ya klabu za dunia, kisha kuacha kucheza alifundisha makipa wa Mazembe. Hakuna aliyeuliza juu ya nini. Pamphile Mihayo naye alivaa jezi ya Mazembe miaka mingi, kisha akawa kocha wake. Basi kwa nini kazi ya kipa iwe na mwalimu, na kazi ya pembeni iachwe sawa nyasi za njia, ziote zenyewe?

Ku Uingereza, mu 2018, Liverpool walimuchukua Thomas Grønnemark, mutu wa Danemark, kwa kazi moja tu: kufundisha kurusha mupira kwa mikono. Watu walicheka. Mwaka uliofuata Liverpool walibeba kombe la Ulaya, na 2020 wakabeba ubingwa wa Uingereza. Hatusemi ni mikono ndiyo iliyoleta makombe. Tunasema tu kwamba ekipe yenye Salah na Mané haikuona haya kulipa mutu wa kazi moja ndogo.

Na kwa kuwa tumemutaja Salah: huyu, bila kutaka, ametuharibia vijana. Kila mutoto anayetazama televizio anataka kucheza upande wa kushoto akiwa na muguu wa kuume, ama kinyume chake, apate kukata ndani na kupiga goli mwenyewe. Ni vizuri kwa yule anayejua. Lakini sasa tuko na ekipe nzima zisizo na hata mutu mumoja wa kufika ku mustari na kutuma balo kwa muguu wa upande ule. David Beckham hakuwa na mbio, kupita mutu ilikuwa shida kwake, na bado mu finale ya 1999 kona zake mbili, mu dakika za nyongeza, ziligeuza Bayern 1-0 kuwa Manchester 2-1. Alichokuwa nacho kinaweza kufundishwa. Mbio haziwezi.

Sasa muzee aliyecheza pembeni miaka kumi ataonyesha nini? Kwanza macho. Mutoto anatazama mupira tangu anapoupata mpaka anapoupiga. Mule ndani hajui nani yupo na nani hayupo. Muzee anajua kichwa kinainuliwa mbele ya kuugusa mupira mara ya mwisho, si nyuma yake, kwani nyuma yake beki amekwisha kufika. Kisha kule kuugusa kwenyewe: mupira unasukumwa kidogo mbele na kidogo nje, utoke chini ya tumbo, muguu upate nafasi ya kuzunguka. Vijana wetu wanauacha chini ya miguu, halafu wanapiga sawa mutu anayechimba mu shimo jembamba, hakuna pa kuinua mukono. Muguu wa kusimama unawekwa kando ya balo, unatazama kule unakotaka kutuma. Ukiegemea nyuma, mupira unakwenda ku mawingu. Haya yote yanasemwa mu dakika tano. Kuyaingiza mu mwili ni mara mia mbili, mara mia tatu, na mutu amesimama pale anasema, "Hapana, rudia."

Kuna jambo moja ambalo makocha wetu wengi hawasemi, na wachezaji wa zamani wanalijua bila kitabu. Ukifika ku mustari wa mwisho, usiutupe tu mupira mbele ya goli. Urudishe nyuma, chini, kuelekea pale ku pointi ya penalti. Mabeki wote wanakimbia kuelekea goli lao, wanaangalia kule, hawawezi kusimama. Na mwenzako aliye nyuma ya mupira hawezi kuwa offside, sheria inamulinda. Magoli mengi mu Ulaya leo yanatoka pale. Hapa kwetu mupira wa namna hiyo tunauona mara moja kwa mwezi, na tunauita bahati.

Tena kuna viwanja vyetu. Kitabu cha kocha kilichoandikwa ku Paris kinasema tuma chini, haraka, kati ya kipa na mabeki. Sawa kabisa ku kiwanja cha majani ya plastiki cha Mazembe kule Kamalondo. Lakini ku kiwanja cha udongo mwekundu na mawe madogo, ule mupira wa chini unaruka mara tatu na kupita juu ya goti la mushambuliaji. Mu mwezi wa Agosti, vumbi na upepo, ni kitu kimoja. Mu Januari, matope, ni kitu kingine kabisa. Na hapa juu, Lubumbashi na Kolwezi, tuko zaidi ya mita 1.000, hewa ni nyepesi kidogo, balo linakwenda mbali kuliko ku Kinshasa. Muzee wa hapa hatakuambia maneno ya hewa nyepesi. Atakuambia, "Upige chini ya nguvu yako, mwana, utaona linafika." Elimu hiyo haiuzwi ku duka.

Ataita pia mushambuliaji, kwani santre ni mapatano ya watu wawili. Mumoja anakimbilia poto ya kwanza, mwingine ya pili, mwingine anangoja nyuma. Na yule wa pembeni anajua mbele ya kuinua kichwa kwamba kuna mutu pale. Tarehe 28 Januari 2024, mu ile mechi ya Misri tuliyoshinda kwa penalti, goli letu lilikuwa kichwa cha Meschack Elia, juu ya santre ya Yoane Wissa. Na mu Novemba 2025, ku Rabat, Mbemba alifunga Cameroun mu dakika ya nyongeza juu ya kona. Yaani wakati mupira wa pembeni unatumwa vizuri, hata sisi tunacheka.

Tunajua maneno yatakayojibiwa. La kwanza: muzee hana diploma ya ukocha. Ni kweli, na hatuombi awe kocha. Kocha abaki kocha, apange ekipe, ajibu mbele ya komite. Muzee apewe alasiri mbili kwa juma, vijana wa pembeni na washambuliaji, basi. Kuna makocha watakaoona wivu, watafikiri wanatafutiwa mutu wa kuwaondoa. Wenye komite waongee nao wazi tangu mwanzo. Kuna pia wazee wanaopenda kusimulia kuliko kufundisha, na ukiwapa kiti wataanza 1985 na hawataondoka mule. Huyo mumusikilize jioni ku lupango, muchana mutafute mwingine.

Neno la pili ni zito. Mutu atasema: watoto hawana bukari, masomo hayalipwi, na ninyi munaandika juu ya santre? Tunajibu bila kuficha. Hatusemi kabumbu itatoa watoto wote mu mashimo. Anayewaambia hivyo anawauzia uongo, na kuna wengi wanaozunguka na uongo huo, wanaomba franga ya pasipoti na ya "test" ku Ulaya. Tunasema kitu kidogo kuliko hicho. Kijana wa miaka kumi na minne anaacha mazoezi siku anapoona hakuna anayemufundisha kitu kipya. Kukimbia kuzunguka kiwanja anaweza kukimbia popote. Na akiacha mazoezi, sote tunajua jioni zake zinakwenda wapi, hata kama sheria inakataza mutoto kugusa mugodi. Mutu mukubwa anayemungoja ku kiwanja saa kumi, anayejua jina lake na muguu wake mbaya, ana nguvu kuliko plakati.

Halafu, wazee wenyewe. Wako wapi wale waliocheza pembeni, ku Lupopo, ku Don Bosco, ku Panda ya Likasi, ku Simba ya Kolwezi? Wengine wanalinda mulango wa kampuni usiku. Wengine wanaendesha kamio, wengine wanauza krediti ya simu chini ya mwavuli. Tunawasalimu "yaya", tunawanunulia soda siku ya mechi kubwa, tunakumbuka goli moja la zamani, tunaondoka. Siku wanapokufa tunajaza kiwanja.

Franga itatoka wapi? Sheria ya migodi ya 2018 inadai kila kampuni inayochimba itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mugodi, na inadai pia kuwe na cahier des charges, ile karatasi ya mapatano kati ya kampuni na wakaaji. Hatutaki zahanati iondolewe juu ya mupira. Lakini mu karatasi hizo maneno ya michezo yanaingia mara kwa mara, na yanaishia ku turnoa ya siku moja, seti ya jezi yenye alama ya kampuni, picha, na kombe la plastiki. Gharama ya ile siku moja ingelipa nauli na chakula cha muzee mumoja kwa miezi mingi, na mipira kumi juu yake. Mipira kumi si mapambo. Ukiwa na balo moja, kila santre mbaya ni dakika tatu za kulitafuta mu mahindi ya jirani.

Basi, ninyi mulio mu komite za mitaa, siku kampuni inawaita kupanga miradi ya mwaka, muandike mustari huo: mwalimu wa pembeni, alasiri mbili kwa juma, mipira kumi. Muandike jina la muzee munayemujua, na mumuulize yeye kwanza, kwani wengine wanatoka kazi ya usiku na wanalala mpaka saa nane. Ninyi akina mama munaouza ku kando ya kiwanja, munawajua wote, nani alicheza kushoto, nani kuume, nani bado anapiga balo na wajukuu wake mu lupango. Muwatajie vijana majina hayo. Mvua haijaanza, viwanja bado ni vikavu.