N ya Nini?

Mwongozo wangu ulikuwa na mstari mmoja: "safisha N: huondoa faili zilizozidi N." Niliuandika usiku, kwa haraka, nikajiona nimemaliza. Zilizozidi N ya nini? Siku? Megabaiti? Zilikuwa dakika. Skripti yangu ilitumia amri ya find, ambayo ina vipimo viwili vinavyofanana kama mapacha: -mtime huhesabu siku, -mmin huhesabu dakika. Wakati wa majaribio sikutaka kusubiri siku nzima nione kama inafanya kazi, nikaweka dakika. Kisha nikasahau kurudisha.

Kijana mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo akapewa kazi ya kupunguza mafaili kwenye seva. Alinifuata mezani. "Samahani kaka, hii N ni nini?" Sikuinua hata macho. Nilimwambia asome mwongozo. Akausoma, mstari wote huo mmoja, akaandika safisha 30. Kila picha ya risiti ya wateja iliyokuwa na zaidi ya nusu saa ikaondoka. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa.

Kikaoni ikasemwa kijana hayuko makini. Ajira aliyokuwa ameahidiwa ikayeyuka. Nilikuwapo, nikiangalia meza. Tukaweka kanuni kwamba safisha niiendeshe mimi tu, ninayejua. Mstari haukuguswa.

Miaka miwili baadaye tukaunganisha wakala wa akili mnemba na zana hizohizo, kwanza kwenye seva ya majaribio. Tukamwagiza aondoe faili zenye zaidi ya mwezi. Akasoma mstari wangu, akaandika safisha 30. Folda ikabaki tupu. Safari hii hakuna aliyesema wakala hayuko makini. Bosi alisema, "Maelezo yetu ni mabovu, yaandikwe upya," na mimi nikapewa wiki mbili za kufanya hivyo.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia watu wakisema "maelezo rafiki kwa akili mnemba", damu inanichemka. Rafiki kwa nani? Nimekaa wiki hizo mbili nikiandika N ni kipimo gani, kinachofutwa kinarudishika au la, amri ikirudiwa mara mbili itadhuru nini, na ikishindwa itatoa ujumbe gani. Nionyesheni hapo neno moja ambalo yule kijana hakulihitaji.

Wala si mambo mapya. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, ni wa Novemba 1971, na kurasa zake zina sehemu ya kutaja hitilafu za programu yenyewe. Wenye kazi yao waliandika wenyewe ilipo mibovu. Mwaka 2024 ikaja itifaki ya Model Context Protocol, ambayo wakala huitumia kupokea orodha ya zana pamoja na maelezo ya kila moja. Sasa ndani yake mwenye zana anaweza kutamka kama zana yake inasoma tu au inaweza kuharibu. Akinyamaza, hesabu inakuwa kwamba inaweza kuharibu. Busara kabisa. Kwetu ukimya wangu ulihesabiwa kuwa kosa la aliyesoma.

Wapo wanaonijibu kwamba hizi ni kelele, wakala ataifungua skripti aisome mwenyewe. Akiruhusiwa kuifungua, kweli ataona -mmin. Lakini atajuaje kama dakika zile ni kusudio au ni usahaulifu wangu? Skripti inasema inachofanya. Nilichotaka ifanye kilikuwa kichwani mwangu. Na mara nyingi hapewi hata hiyo skripti, anapewa jina la zana na sentensi mbili. Atakisia, tena bila kusita.

Ila tusiseme watu hawakutuonya. Wakala hakuja mezani kwangu kuuliza N ni nini. Aliyekuja ni yule kijana.

Ukurasa mpya sasa una sehemu ya hitilafu. Nimeandika: "Kabla ya toleo hili N ilihesabiwa kwa dakika, na mwongozo haukusema hivyo. Picha za risiti ziliwahi kupotea. Kosa lilikuwa la mwandishi wa skripti." Bosi ameniomba niiondoe sentensi ya mwisho, eti wakala haihitaji. Nimeiacha. Jana nilimtumia kijana ukurasa huo kwa WhatsApp. Tiki mbili zimegeuka buluu. Hajajibu.