Sabu za 1999 si Uamuzi Bora wa Ferguson, Acheni Hizo

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, si unajua tena msimu wa testi... Nimerudi, na nimerudi na kahasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Iko hivi. Wiki nzima pale vimbwetani kuna ubishi hauishi: uamuzi gani wa kocha ni bora kuliko yote? Kila anayefungua mdomo anamtaja Alex Ferguson. Sawa, hapo hatugombani. Ukiuliza uamuzi upi, jibu linatoka moja kama kwaya: zile sabu za 1999, Sheringham na Solskjaer, kesi imefungwa. Na wanaosimulia wenyewe ni watu wa 2003, 2004, mechi wameiona kwenye simu, lakini wanavyoisimulia utadhani walikaa benchi na kocha.

Mimi nasema hapana. Zile sabu hata kwenye tano bora za Ferguson hazimo. Na kuna sababu inayonifanya niliandike hili badala ya kubishana tu halafu nikale wali maharage wangu. Namna tunavyochagua "uamuzi bora" ndiyo namna tunavyowapima watu wanaofanya kazi ya kulea wengine, na sisi wa elimu tunaelekea hukohuko.

Tuanze na mechi yenyewe. Tarehe 26 Mei 1999, Camp Nou, Barcelona. Bayern Munich wanafunga dakika ya 6 kwa mpira wa adhabu wa Mario Basler. Man U wamewakosa Keane na Scholes kwa sababu ya kadi. Dakika ya 67 anatoka Blomqvist anaingia Sheringham, dakika ya 81 anatoka Cole anaingia Solskjaer. Dakika za majeruhi kona mbili za Beckham, mabao mawili, 2-1, kombe la Ulaya. Raha tupu.

Sasa nijibu wewe. Kocha amefungwa bao moja, mpira unaelekea ukingoni, ana washambuliaji wawili wa maana wamekaa benchi. Afanye nini? Aingize beki? Hata muuza karanga wa pale getini angeingiza washambuliaji.

Halafu kuna kitu ambacho hamkisemi. Baada ya Sheringham kuingia, Bayern waligonga mwamba mara mbili, Mehmet Scholl kisha Carsten Jancker. Mpira mmoja tu kati ya hiyo ungeingia, leo tungekuwa tunasema babu alichanganyikiwa, akaacha nyuma wazi, fainali ikamponyoka. Sabu ni zilezile, mtu ni yuleyule, kilichobadilika ni chuma cha goli. Huwezi kuupa uamuzi sifa ambazo ni za mwamba jamani.

Kama mnataka kusifia kitu usiku ule, sifieni kwamba Solskjaer alikuwepo pale benchi. Alinunuliwa kutoka Molde ya Norway mwaka 1996 kwa pauni milioni 1.5, wengi hata hawamjui. Na sifieni kwamba msimu ule Yorke, Cole, Sheringham na Solskjaer waligombea nafasi mbili bila timu kupasuka. Hayo yalifanyika miezi na miaka kabla, na hakuna aliyeyapigia makofi.

Haya, nikiulizwa mimi, uamuzi bora ni upi? Ni ule aliousimulia yeye mwenyewe, kwenye mahojiano na watu wa Harvard yaliyotoka mwaka 2013, mwaka aliostaafu. Wakati huo wa zamani yuko Aberdeen, Scotland, na kila kitu anafanya yeye: filimbi yake, koni zake, kelele zake. Siku moja wanakunywa chai, msaidizi wake akamwambia hajui kwa nini aliletwa pale maana hana la kufanya. Amwachie mazoezi, yeye asimame pembeni atazame. Ferguson hakupenda. Aliogopa atapoteza mamlaka. Lakini akakubali, na baadaye akasema ni kitu bora kabisa alichowahi kufanya.

Umeona? Hapo hamna kombe wala televisheni. Ni mtu mzima anaamua kufunga mdomo na kutumia macho. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipoacha kuendesha mazoezi ndipo alipoanza kuona: nani tabia imebadilika ghafla, nani ari imeshuka, nani ana matatizo nyumbani, nani kaumia na yeye mwenyewe hajajua. Ukiwa umeshika filimbi unaona mpira. Ukisimama pembeni unaona watu.

Na maamuzi yake mengi makubwa ya baadaye yanaonekana kama watoto wa huo mmoja. Angalia.

Kombe la FA 1990. Fainali na Crystal Palace imeisha 3-3. Kipa Jim Leighton, mtu wake tangu Aberdeen, kacheza vibaya. Kwenye mechi ya marudiano Ferguson akamweka pembeni, akampanga Les Sealey, kipa wa mkopo kutoka Luton. Wakashinda 1-0, kombe la kwanza la Ferguson pale Manchester. Leighton hakumsamehe. Ule uamuzi ulimgharimu mtu waliyetoka naye mbali, na aliujua uzito wake kabla ya kuufanya.

Mwaka 1995. Kwa dirisha moja tu wakaondoka Paul Ince kwenda Inter Milan, Mark Hughes kwenda Chelsea, Andrei Kanchelskis kwenda Everton. Mashabiki wakawaka. Msimu ukaanza kwa kipigo cha 3-1 kutoka kwa Aston Villa. Butt, Scholes na ndugu wawili wa Neville walianza mechi ile, na Beckham akatokea benchi akafunga bao lao pekee. Wanne kati yao walikuwa na miaka 20, Phil Neville 18. Yaani umri wetu sisi tunaogombania kitanda cha juu hosteli! Usiku huo Alan Hansen, beki wa zamani wa Liverpool, akasema kwenye runinga ya BBC kwamba kwa watoto huwezi kushinda kitu. Msimu ulipoisha watoto wamebeba ligi na Kombe la FA, baada ya Newcastle kuongoza kwa pointi 12 mwezi Januari.

Watu husema alibahatika kuzaliwa kizazi kile. Bahati gani? Giggs alichukuliwa mwaka 1987 siku anatimiza miaka 14, na kabla ya hapo alikuwa akifanya mazoezi na Man City. Giggs, Beckham, Butt na Gary Neville wakachukua kombe la vijana la England mwaka 1992. Alikuwa akiwatazama hawa vijana miaka yote ambayo magazeti yalikuwa yanahesabu siku zake za kufukuzwa.

Mwaka 2006. Ruud van Nistelrooy, mabao 150 katika mechi 219, akauzwa Real Madrid. Na hakuwa ameisha, maana msimu uliofuata akawa mfungaji bora wa Hispania. Lakini Man U walikuwa na Rooney na Ronaldo, vijana wa kukimbia na kubadilishana nafasi, na timu nzima bado ilikuwa inacheza kwa ajili ya mtu mmoja aliyesubiri kwenye boksi. Ukimtoa, miguu ya wengine inafunguka. Ikafuata ligi ya 2007, 2008 na 2009, na kombe la Ulaya 2008 kule Moscow. Ronaldo msimu wa 2007/08 akafunga mabao 42. Sasa uniambie kati ya huo uamuzi na kumwingiza mshambuliaji ukiwa umefungwa, upi ulihitaji kichwa?

Najua mtasema: pesa. Haya, tuzungumze pesa. Mwaka 1989 alipewa pesa, akamnunua Gary Pallister kwa pauni milioni 2.3, akamleta Ince na wengine. Msimu huo wakamaliza nafasi ya 13. Kwa hiyo pesa ilikuwepo, ila peke yake ilimfikisha nafasi ya 13.

Mtasema pia: mbona alikosea? Ndiyo, alikosea. Alimuuza Jaap Stam kwa Lazio mwaka 2001 akidhani kashuka, na baadaye akakiri. Mwaka huohuo akaanza msimu watu wakijua anastaafu, halafu mwanzoni mwa 2002 akabadili mawazo. Sijasema anayetazama hakosei. Nasema anayetazama anakosea kwa kitu alichokifikiria, na ana nafasi ya kukirekebisha. Basi tu apewe muda.

Na hapo kwenye muda ndipo panaponiuma. Septemba 1989, Ferguson amefungwa 5-1 na Man City, watani wao wa mji mmoja. Yupo tangu Novemba 1986, kombe hana hata moja. Mashabiki wakaja na bango la kumwambia aende zake. Hakufukuzwa. Miezi minane baadaye akabeba Kombe la FA, na kufikia 2013 makombe yalikuwa 38, ligi peke yake 13.

Novemba 5, 2023, Simba imefungwa 5-1 na Yanga. Matokeo yaleyale, utani uleule. Siku mbili tu na Simba ikaachana na Robertinho. Sisemi Robertinho angekuwa Ferguson, hilo hakuna ajuaye, na mimi sitajua, na wewe hutajua, kwa sababu hakupewa nafasi ya sisi kujua. Na msidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Man U haohao, waliovuna miaka 26 ya subira, wakamtimua Moyes ndani ya miezi kumi mwaka 2014, Van Gaal siku mbili baada ya kubeba Kombe la FA 2016, kisha Mourinho, kisha Solskjaer huyohuyo wa 1999, kisha Ten Hag Oktoba 2024. Waliokuwa na mfano ndani ya nyumba yao hawakujifunza, sembuse sisi.

Sasa wale mnaosema "huyu naye, mpira tu kaufanya falsafa", subirini kidogo. Wengi tunaosoma hapa ni walimu watarajiwa. Mwaka jana kwenye TP nilipangiwa shule moja ya kata, kidato cha pili, wanafunzi themanini na ushee darasa moja. Wiki ya kwanza nilifundisha kama redio. Nikaona haifai, nikaanza kugawa makundi, nawapa kazi, mimi nazunguka kimya natazama. Siku ya tatu nikagundua dogo mmoja, ambaye ofisini tayari ana jina la "mzito", anakopi namba kutoka daftari la jirani na hata zilizo ubaoni anazikosea. Hakuwa mzito. Alikuwa haoni ubaoni! Nikamhamishia dawati la mbele, na wiki hiyohiyo akaanza kunyoosha mkono.

Akaja mkaguzi, akakaa nyuma dakika 40, akanikuta nazunguka. Kwenye fomu akaandika kwamba mwalimu haonekani kufundisha. Maksi zikaenda na maji.

Hiyo ndiyo 1999 yenu hiyo. Mtu anakuja dakika za mwisho, anatafuta sabu, anatafuta shamrashamra, asipoziona anaandika sifuri. Yule dogo wa dawati la mbele hayumo kwenye fomu, kama vile ile chai ya Aberdeen haimo kwenye video za mabao. Tukiingia kazini watatupima vivyo hivyo, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, shule inashangiliwa au inazomewa kwa siku moja, na hakuna atakayeuliza nani alisimama pembeni akatazama miaka minne.

Kwa hiyo, washkaji, mkija vimbwetani na 1999 yenu mimi nitawauliza swali moja tu: siku ule uamuzi unafanyika, nani alikuwa anapiga makofi? Kama ni dunia nzima, jueni mnasifia matokeo. Uamuzi wenyewe huwa umeshafanyika zamani, kimya kimya, na mtu aliyekuwa anaitwa mzembe kwa sababu amesimama tu pembeni.

Nawasilisha. Anayetaka kubisha abishe kwa hoja, na aje na miaka na majina, si "mimi naona tu".