Vipimo vya mgodini na anayevishika

Kila anayepewa cheo cha kusimamia watu katika migodi ya Katanga hufundishwa zana zilezile: bajeti, malengo ya mwezi, ripoti ya zamu, bonasi, ukaguzi. Sina ugomvi na zana. Ugomvi wangu ni na madai yanayoandamana nazo, maana huku Ruashi, kwenye nyumba zilizopakana na shimo la shaba na kobalti, tuna historia ya kutosha ya kuyajibu.

Dai la kwanza: kisichopimwa hakisimamiki. Wengi humsingizia mtaalamu wa usimamizi W. Edwards Deming maneno haya, naye aliandika kinyume chake: kwamba kuamini hivyo ni kosa linalogharimu sana. Tazama Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni wa Kibelgiji, iliyoyeyusha shaba yake ya kwanza mwaka 1911 kwa mawe ya mgodi wa Etoile, jirani yetu hapa. Kuanzia 1928 iliweka mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu wafanyakazi waje na wake zao, ikagawa posho kwa familia. Daktari wa kampuni, Léopold Mottoulle, na idara yake walihesabu utoro, magonjwa na vizazi. Hata watoto wachanga waliwekwa kwenye mizani. Kwa vipimo hivyo, mpango ulifaulu: watu walikaa kazini na vifo vilipungua. Ikafika Desemba 1941. Vita vilikuwa vimepandisha bei, wazungu wa kampuni walikuwa wamekwisha kudai nyongeza, na weusi nao wakagoma. Tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi uwanjani, makumi wakafa, Léonard Mpoyi aliyewasemea akiwa mmoja wao. Madaftari yote yale hayakuwa na mahali pa mfanyakazi kuandika kwamba mshahara hautoshi.

Dai la pili huniuma zaidi: eti Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua migodi ya Union Minière, ilianguka kwa sababu watu wake hawakudhibitiwa. Walidhibitiwa sana. Kampuni ilirithi mbinu za Union Minière, na kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, aliendelea kuita majina kila asubuhi. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa bado ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka; mwaka 1994 ilitoa kama tani 30,000. Kati ya hapo, fedha za mauzo zilinyonywa na utawala wa Mobutu, mitambo ikachakaa bila kubadilishwa, na Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kapita angeweza kumkata mtu mshahara kwa kuchelewa, lakini yeye na watu wake hawakuwa na njia ya kudai hesabu za shaba iliyouzwa nje. Halafu mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mara moja, na mpango ukapewa jina la kuondoka kwa hiari. Wapo baba wa familia katika mji huu ambao hawakupata kazi nyingine tena. Waliolipa gharama ya anguko lile si walioamua mambo.

Dai la tatu, kwamba bonasi ya ajali sifuri huleta usalama, halihitaji maneno mengi. Mtu akijua kwamba kidole chake kilichopondeka kitawanyima bonasi wenzake wote, atakificha. Na hata namba zikiwa za kweli, zinaweza kupotosha. Machi 2005 kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City kililipuka, watu 15 wakafa. Tume ya James Baker, iliyoundwa baada ya mlipuko huo, ilionesha kwamba kampuni iliridhika na takwimu za majeraha ya mtu mmojammoja, ikadhani mitambo nayo iko salama.

La mwisho: watu wa chini hawapendi kupimwa. Muulize mchimbaji wa mikono anayepeleka gunia lake depo. Kipimo anakitaka. Analolalamikia ni mizani ya mnunuzi, na kile kifaa cha kusoma kiwango cha madini wanachokiita Metorex, ambacho mnunuzi hukishika na kukisoma peke yake. Mpe mchimbaji mizani yake mwenyewe uone kama atakataa kupima.

Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inataka kampuni ya uchimbaji itenge walau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Hicho ni kipimo ambacho mkazi wa Ruashi naye anastahili kukishika, na hawezi kukihakiki bila kuona mauzo yenyewe. Basi kila mwaka hesabu hizo zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya komine, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: tani zilizouzwa, bei, jumla, na ile 0.3 imekwenda wapi.