Chupa za Barafu Katika Vyombo vya Biharusi



Msimu wa harusi umeanza tena na maswali yamejaa kama kawaida: hina ya wapi inakoza, udi gani haupaushi nguo, seti ya vikombe iwe ya watu sita au kumi na mbili. Yote tutayajibu inshaallah. Leo tunaomba ruhusa tuseme kuhusu kitu ambacho hatujawahi kukiona katika orodha ya vyombo ya biharusi yeyote, na kwa maoni yetu biharusi anayekwenda kuishi pwani anakihitaji kuliko hiyo seti ya pili ya vikombe. Ni chupa za barafu za kutengeneza mwenyewe, za kuwekwa ndani ya deli la samaki.

Mtacheka. Lakini hesabuni wangapi miongoni mwetu wameolewa Nungwi, Kizimkazi, Mkokotoni, Tumbe au Kojani, na mume ama ni mvuvi, ama mchuuzi, ama ana ndugu zake chomboni. Nyumba kama hiyo inakula na kuvaa kutokana na samaki. Na samaki wa joto letu hana subira. Akitolewa majini saa kumi ya alfajiri na deli likawa tupu, jua la saa nne linamkuta ameshaanza kulegea.

Hapo ndipo mwanamme anapouza kwa bei ya kutupa. Anayenunua pale mnadani ana barafu, na muuzaji hana. Mwenye barafu anaweza kungoja, asiye nayo hawezi. Tumewasikia wake wengi wakilalamika kwamba mume harudi na kitu, wakidhani bahari imekauka au pesa zinapita pengine. Mara nyingine samaki walikuwapo, na kilichokosekana ni saa tatu za baridi.

Lipo na jengine, nalo linatugusa zaidi kwa upande wa dini. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto hufanya sumu iitwayo histamini. Mtu akila uso unamwiva, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, na watu wanasema "ana aleji ya samaki". Si lazima iwe aleji. Sumu hii haiondoki kwa kukaanga, wala kwa ndimu na pilipili, wala kwa kumgandisha samaki baadaye. Ikishaingia imeshaingia. Dawa yake ni baridi tangu samaki anapotoka majini.

Mnaijua hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, ya Mtume (S.A.W.) kumpitia muuza chakula sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo na vidole vyake vikakuta majimaji. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akaambiwa kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Sisi tunaisikia sana hadithi hii kwenye darsa, na tunamfikiria mfanyabiashara mkubwa wa mjini. Tumfikirie na dada yetu anayekaanga samaki jioni kando ya njia, akajua fika kwamba vibua vya leo havikuona baridi tangu asubuhi, akazidisha manjano na thomu ili harufu isisikike. Hatumlaumu kwa ufukara wake. Tunasema barafu ingemwepusha na mtihani huo.

Basi kwa nini asinunue barafu? Ananunua, inapopatikana. Lakini ya kununua inayeyuka, kesho ananunua tena, na kila siku faida inageuka maji. Chupa iliyogandishwa nyumbani inarudi, inaoshwa, inagandishwa tena. Chupa madhubuti inaweza kurudi hivyo miezi mingi. Ndiyo maana tunaiita chombo cha nyumba kama sufuria, na ndiyo maana tunataka iingie katika vyombo vya biharusi.

Namna ya kutengeneza ni nyepesi mno, na huko mitandaoni wameifanya ngumu bila sababu. Wapo wanaofundisha kuchanganya maji na spiriti, au hata pombe kali, ndani ya mfuko ili pakiti ibaki laini. Hatutaingia katika khitilafu za wanazuoni kuhusu spiriti isiyonywewa. Tunasema tu kwamba mfuko ukitoboka juu ya samaki wa kuliwa hakuna atakayefurahi, na chumvi inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya chumvi. Wapo wanaopasua pampasi mpya wakatoa zile chembechembe zinazofura kwa maji. Pakiti yake ni nzuri kwa goti lililoteguka, si kwa deli la samaki. Wengine wanapika uji mzito wa wanga na kuutia mfukoni. Chakula hicho, jamani! Kuleni.

Chukua chupa ngumu: ya jusi, au dumu la mafuta ya kula la lita moja au tatu, lililooshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yaishe. Madumu yenye ubavu bapa ni bora kuliko ya duara kwa sababu yanakaa vizuri ubavuni mwa deli. Kwa kila lita ya maji tia chumvi vijiko viwili vya chakula, tikisa mpaka iyeyuke. Ladha yake itakuwa kama ya maji ya bahari, na kwa kweli ndiyo hiyo: lita ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Maji hayo huganda yanapofika kama nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa hiyo wakati wa kuyeyuka yanatoa baridi kali kidogo kuliko barafu ya maji matamu, na samaki anapoa bila ya kugeuka jiwe.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Chumvi ikizidi si kwamba baridi inazidi. Ukitia gramu 300 katika lita moja, maji hayo yanahitaji nyuzi 21 chini ya sifuri ndipo yagande, na friza za majumbani kwa kawaida huishia kwenye 18. Yatabaki maji, nawe utamlaumu fundi wa friza. Barafu inashika baridi muda mrefu kwa sababu ya kule kuganda kwenyewe. Maji baridi ambayo hayakuganda yanapata joto upesi sana. Vijiko viwili vinatosha.

Usijaze chupa mpaka mdomoni. Maji yakiganda yanaongezeka kiasi cha asilimia 9, na chupa iliyojaa itapasuka usiku. Acha vidole vitatu juu. Usitie chupa kumi kwa pamoja kwenye friza yenye nyama ya mtoto wako, tia tatu au nne, zikishika ongeza nyengine. Zenye chumvi huchukua muda zaidi, zipe siku nzima na usiku wake. Na zitie alama, tafadhali. Funga uzi mwekundu shingoni. Mtoto akirudi chuoni na kiu yake haangalii, anachukua chupa yoyote ya baridi na kupiga funda.

Maji matamu nayo yasidharauliwe. Tungependa nusu ya chupa ziwe za chumvi na nusu za maji safi ya kunywa, kwa sababu zile za maji safi zikiyeyuka kule baharini wavuvi wanazinywa. Mzigo mmoja, kazi mbili.

Ndani ya deli kuna siri moja ambayo mkaanga samaki anaifahamu kuliko injinia. Chupa inamgusa samaki mahali padogo tu, haimfuniki kama barafu ya kusagwa. Samaki kumi waliopangwa juu ya chupa watapoa upande mmoja. Kwa hiyo mwambie mumeo au kaka yako amimine ndani ya deli maji safi ya bahari, yaliyotekwa nje mbali na bandari na mifereji, kiasi cha kuwazunguka samaki, na chupa zikae humo humo chini, kando na juu. Maji yanapoa, nayo yanampoza samaki pande zote. Deli lenyewe lipoozwe kabla ya kuondoka, likae kivulini, lisifunguliwe kwa kutazama tazama.

Kipimo? Kilo kumi za samaki wenye joto la nyuzi 30 humeza barafu kilo tatu na zaidi kwa kupoa tu, kabla ya jua na deli lenyewe kuchukua sehemu yao. Katika nchi za joto wataalamu hushauri barafu na samaki vikaribiane uzito. Kwa deli la kilo kumi, chupa mbili ni mapambo. Nane za lita moja ndiyo mwanzo wa maneno.

Tunajua mtasema umeme. Kweli, umeme ni pesa. Kwa hesabu yetu kugandisha chupa ya lita moja na nusu hakufiki robo ya uniti. Na wale tuliokuwapo Unguja mwaka 2008, giza lilipotushika karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 kwa miezi mitatu, tunajua friza tupu inavyokufa haraka. Friza iliyojaa vitu vilivyoganda huweza kushika baridi karibu siku mbili ikiwa haifunguliwi. Iliyojaa nusu, siku moja. Chupa zako zinailinda nyama ya nyumba pia. Halafu kuna mwezi: vyombo vya dagaa vinafanya kazi usiku wa giza na kupumzika mbaamwezi inapong'aa. Wanaofunga zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, watambue kwamba hizo ndizo siku za kugandisha bila haraka.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo baadhi ya mavyaa hawatalipenda.

Barafu hii ni kazi. Friza aghlabu ni ya mke, ameletewa katika mahari au amekuja nayo kwao. Chumvi yake, maji anayachota yeye, chupa anaosha yeye zikirudi zinanuka shombo. Kisha samaki wanauzwa bei nzuri na hesabu inafanywa kana kwamba baridi ilishuka kutoka mbinguni. Tunaona mafungu yakigaiwa: la chombo, la mashine, la nyavu, la mabaharia. La barafu ya kununua linatolewa kabla ya yote kama gharama. La barafu ya mke halitajwi.

Suratun Nisaa, aya ya 32, inataja kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mali ya mke ni yake, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume hata kama mke ana chake. Hatusemi biharusi aingie nyumbani na daftari la madai siku ya fungate. Mke akipenda kumsaidia mumewe bure kwa kutaka radhi za Mola wake, hiyo ni sadaka na thawabu zake kubwa. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali akijua kwamba anatoa. Kitu kisichotajwa kamwe, ambacho kila mtu anadhani ni haki yake kukichukua, hatujui kukiita sadaka.

Kwa hivyo tunashauri lizungumzwe mapema, kwa upole, wakati mapenzi bado yana joto. Aseme: "Mume wangu, barafu nitafanya mimi. Tukubaliane, ama unipe samaki wawili watatu kila safari niuze au nikaange kwa mtaji wangu, ama unipe ile pesa ambayo ungenunulia barafu." Wengi wa waume zetu ni watu wazuri, hawakuwahi tu kuambiwa. Na biharusi asiyejua aanze vipi amwombe somo wake amfunze. Masomo wanafunza mengi usiku ule, hili nalo lingeingia.

Kuhusu wasemao kwamba mambo ya bahari ni ya wanaume: bahari iwe yao. Friza iko jikoni.

Mwisho ni neno kwa mawifi na mashoga wanaoandaa walima mwezi huu. Watu mia tatu wakishakula biriani yao, uwanja mzima unabaki na chupa tupu za maji, na asubuhi zinachomwa au zinaishia ufukweni. Zile nyembamba hazidumu kama madumu, lakini za nusu lita zinaziba vizuri nafasi baina ya samaki. Waambieni watoto wakusanye hamsini zenye vifuniko vyake, wazioshe, wazitie kwenye gunia, na gunia lipande gari moja na kabati la biharusi.