Laptopu Yako, Ufunguo wa Fundi: Desturi Hii Ikome

Ndugu wasikilizaji wetu wa Uvira na wa bonde la Ruzizi, na ninyi mlio ng'ambo ya ziwa kwa sababu ya vita, leo tunasema juu ya desturi mbaya iliyozoeleka hapa mjini hadi hakuna anayeikemea.

Familia inachanga pesa miezi na miezi, inamnunulia mwanafunzi laptopu mpya. Inaipeleka kwa fundi ili aitayarishe. Fundi anaiwasha peke yake, anaingiza imeli yake mwenyewe, anachagua neno la siri analolijua yeye, kisha anadai malipo. Mwenye mali hajaulizwa lolote. Tuseme wazi: fundi wa namna hiyo hajatayarisha mashine ya mteja. Amejiandikisha kuwa mwenyewe.

Wengine watasema ni jambo dogo. Wasikilize kwanza. Windows 11, inayokuja ndani ya laptopu nyingi mpya, ikiwashwa mara ya kwanza kwa kawaida inadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Katika mashine nyingi, akaunti ikishaingia, diski inajifunga yenyewe kwa siri, na ufunguo wake wenye tarakimu 48 unahifadhiwa ndani ya akaunti hiyo. Siku za kawaida huoni kitu. Lakini mashine ikipata hitilafu au ikibadilishwa kipande, inaweza kusimama na kukuomba zile tarakimu 48. Kama akaunti ni yako, unaingia kwa simu na kuzisoma. Kama ni ya fundi, lazima umpate fundi. Na fundi naye alikimbia kama wewe. Labda yuko Kigoma, labda Bujumbura, na namba yake haiiti tena.

Kuna ubaya wa pili. Akaunti hiyo hiyo inaweza kupeleka nakala za faili zako kwenye hifadhi ya intaneti. Wewe mwenyewe umefungiwa nje, na mtu mwingine anaweza kuchungulia ndani.

Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipofurika, tuliona jinsi karatasi za nyumbani zinavyokwenda na maji. Mwezi wa kumi na mbili 2025, M23 walipoingia mjini, watu walivuka kwenda Burundi na kile tu walichoweza kubeba. Kwa mtu aliyepitia hayo, picha ya diploma ya Serikali, ya kadi ya mpiga kura na ya hati ya kiwanja iliyomo ndani ya kompyuta inaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki. Tena katika vita, majina na picha za jamaa zikiangukia mikono isiyofaa, ni hatari ya roho za watu. Na nchi yetu ina sheria ya dijitali, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inayolinda habari za mtu binafsi. Kibanda cha fundi hakiko nje ya sheria hiyo.

Mafundi wanajitetea: wateja hawana imeli, wanasahau neno la siri, mega ni ghali. Kama mteja hana imeli, mfungulie yake, kwa namba yake ya simu. Kusahau kunatibiwa kwa karatasi na kalamu. Mega zilizotumika, ziandike kwenye bei, mteja atalipa. Hakuna hata sababu moja hapo inayoruhusu jina lako kukaa kwenye mali ya mwingine.

Kwa hiyo, ndugu, usiache mashine na kuondoka. Kaa kando ya fundi. Kwanza mwambie achague kibodi inayolingana na herufi unazoziona, maana wakichanganya ya Kifaransa na ya Kiingereza, A inageuka Q na neno la siri linakataa. Uliza pia kuhusu lugha. Neno la siri liandike kwa mkono wako. Nakili zile tarakimu 48 kwenye karatasi, uiweke mbali na mfuko wa laptopu. Nakala za hati zako zitie kwenye flashi ambayo mtu mwingine wa familia ataibeba.

Na kama mashine yako ilishatayarishwa zamani, fungua leo sehemu ya akaunti utazame imeli iliyoandikwa pale. Ikiwa si yako, rudi kwa fundi angali karibu. Aingize akaunti yako, ahakikishe ufunguo umehifadhiwa kwako, ndipo aondoe yake.

Fundi mwaminifu hataona aibu kufanya hivyo. Anayekataa, mnyime kazi, na majirani wajue sababu.